Zilizopendwa na Nani?

Kazi yangu ni kuchora magari ambayo sijawahi kuyaendesha. Enyewe hata leseni sina. Nachora kwa kompyuta, kwa programu ya bure, katika chumba kimoja ninachokodi Kahawa West, na ninachochora zaidi ni magari ya miaka ya hamsini hadi ya themanini: Peugeot 404 na 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Datsun 1200, Land Rover za zamani. Nayaweka juu ya rangi zilizopauka kama tangazo lililosahauliwa juani, naandika jina la mji chini kwa herufi nono za enzi hizo, kisha nauza. Watu hununua. Si wengi, lakini wao ndio hunilipia kodi mwezi ambao hakuna aliyenipa makala ya kuandika.

Swali la insha hii lilinijia nyumbani, Desemba mwaka jana, na halijaondoka tangu hapo. Je, ni haki kuupamba wakati ambao gharama yake ililipwa na wengine?

Nianze na gari moja. Baba alikuwa na Peugeot 504, ile ndefu ya nyuma yenye safu tatu za viti. Watu wa rika lake wanaikumbuka. Kabla ya Nissan za abiria kujaa barabarani, hizo ndizo zilikuwa zikitoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu, abiria wamebanana, mizigo imefungwa kwa kamba juu ya keria. Baba alilinunua mwaka wa 1994, na alikuwa mwenyewe wa tatu au wa nne. Mchana alikuwa karani wa chama cha ushirika. Alfajiri na jioni alibeba watu na mitungi ya maziwa kati ya soko letu na Nakuru.

Mimi sikuliona likitembea, au kama nililiona nilikuwa mdogo mno. Nililijua likiwa juu ya mawe. Injini ilikufa, chama cha ushirika nacho kikafa, magurudumu yakauzwa moja moja, na gari likabaki nyuma ya nyumba juu ya mawe manne, kuku wakitaga kiti cha nyuma. Gia yake ilikuwa kwenye usukani. Mimi na dada yangu tuliivuta gia hiyo tukaenda Mombasa na kurudi mara nyingi sana, kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka wa 2018 nilipoitwa chuo kikuu, baba aliliuza. Hakuliuza kwa mpenzi wa magari ya kale, hao hatukuwajua. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na lori na mtungi wa gesi, wakalikata vipande mbele yetu, wakalipa shilingi 38,000. Pesa hizo zilienda kwa karo yangu na kitanda cha hosteli.

Mwaka mmoja na nusu baadaye niliacha chuo. Watu wakiniuliza huwa nasema karo ilinishinda, na wananielewa haraka kwa sababu ni hadithi ya wengi. Lakini si kweli. Karo ya muhula ule ilikuwa imelipwa. Niliacha kwa sababu sikuwa naingia darasani. Nilikuwa nabaki hosteli nikichora. Na nilichokuwa nachora ni lile gari.

Sasa sikia hesabu. Picha ya 504 ndiyo inayouzika kuliko zote nilizochora. Mwaka jana nilijumlisha malipo ya M-Pesa nikakuta picha hiyo peke yake imeniletea shilingi 61,000. Gari lenyewe, chuma na vioo na viti, lilileta 38,000. Kivuli cha kitu kimenilipa kuliko kitu, na kitu hicho kiliuzwa ili nisome, nami sikusoma.

Desemba hiyo ndipo nilipomwonyesha baba picha kwa simu. Nilidhani atafurahi. Alivaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, baba."

"Hapana. Yangu haikuwa hivi. Hata siku ya kwanza haikuwa hivi."

Kisha akaanza kuhesabu. Mlango wa kushoto nyuma ulikuwa wa kijani kwa sababu ulitoka kwa gari lingine. Bampa lilifungwa kwa waya. Taa ya kulia ilikuwa ya pikapu. "Na kijana aliyekuwa anapanga mizigo, yule aliyekuwa anasukuma ikikataa kuwaka, mbona hayuko? Abiria wako wapi? Hii ni gari ya duka, kijana. Hakuna mtu amewahi kuipanda."

Hakukasirika. Alinirudishia simu akauliza kama nimekula. Lakini mimi nililala na maneno hayo.

Kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimechora lile gari kama lilivyotoka kiwandani, na kiwandani ni mahali ambapo baba hakuwahi kulijua. Nilikuwa nimefuta kila kitu alichokifanyia, kila kiraka cha fundi wa jua kali, kila asubuhi ya kulisukuma, nikabakisha kile tu ambacho Wafaransa walikuwa wamekifanya. Halafu chini yake nikaandika "Nakuru."

Na hata hao Wafaransa sikuwatendea haki. Gari la 504 lilibuniwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia kwa ajili ya Peugeot, na likaonyeshwa Paris mwaka wa 1968. Lilikuwa litoke mapema zaidi mwaka huo, lakini lilichelewa kwa sababu ya migomo ya Mei, wafanyakazi wa Ufaransa wakiwa wameweka vifaa chini. Kwa hivyo hata ile sura safi, tunayodhani haina historia, ina watu waliosimama nje ya geti wakidai haki yao. Hao pia hawamo kwenye picha yangu.

Kuna jambo lingine ambalo nililijua baadaye, na lilinifanya nicheke peke yangu. Programu ninayotumia ina kifaa kinachoitwa kalamu. Hukichori kitu kwa mkono nacho. Unaweka nukta mbili, kisha unavuta vishikio kandokando, na mstari unajipinda wenyewe. Hesabu iliyo nyuma ya mstari huo inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, aliyeitumia miaka ya sitini ili maumbo ya bodi za magari yaandikwe kwa namba badala ya kutegemea jicho la fundi tu. Kabla yake, mwaka wa 1959, Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën alikuwa ameshagundua njia ya kuchora mistari hiyo hiyo, lakini kampuni yake iliifanya siri. Bézier alichapisha, jina likawa lake. Leo kila herufi unayoisoma kwenye skrini inaelekea imechorwa kwa mistari ya jamii hiyo.

Kumbe basi mimi ninayechora magari ya zamani natumia kifaa kilichozaliwa kwenye viwanda vya magari. Nililipenda jambo hilo. Lakini linaniambia kitu kingine pia: wale watu hawakuwa wakitamani ya kale. Walikuwa wanatafuta bodi ya mwaka ujao. Haya tunayoyaita ya kale yalikuwa kesho ya mtu. Mimi nimechukua kifaa cha watu waliotazama mbele nikakitumia kutazama nyuma, na nyuma yenyewe si yangu.

Ugonjwa huu una historia. Mwaka wa 1688 daktari kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, aliunda neno nostalgia kuwa jina la maradhi: huzuni ya kimwili iliyowashika watu waliokuwa mbali na kwao. Angalau wagonjwa wake walitamani mahali walipopajua. Sisi wa miaka ya ishirini na kitu tunatamani Nairobi ya mwaka wa 1972 ambayo hatukuiona, yenye barabara tupu na jua la machungwa. Tumeijulia wapi? Kwenye picha. Na picha hizo tumezichora sisi wenyewe.

Kiswahili chetu kina neno lake, zuri kuliko nostalgia. Tunasema zilizopendwa. Ni nyimbo za redio ya Jumapili mchana, mzee anatikisa kichwa, wali unaiva. Lakini hebu litazame neno lenyewe. Liko katika kauli ya kutendwa. Linakuambia zilipendwa, halikuambii na nani. Mtenda amefichwa. Na kila nikikaa kuchora, hapo ndipo penye kazi yangu yote: kutengeneza kitu ambacho kilipendwa, bila kumwambia mnunuzi kilipendwa na nani, na nani hakukipenda.

Nitoe mfano. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sasa, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa hivyo katika nchi moja, mwaka mmoja, kulikuwa na watu wanaokimbiza magari kwa furaha na watu wanaokimbia magari kwa hofu. Gari laweza kuwa lile lile. Ukichora bango la 1953 kwa rangi za kupendeza, umechora upande upi wa barabara?

Wala tusijidanganye kwamba ni mambo ya mkoloni pekee. Machi 1975 mwili wa J. M. Kariuki ulipatikana Ngong. Pasaka ya mwezi huo huo Safari Rally ilikimbizwa, na Ove Andersson akashinda kwa Peugeot 504. Baba alikuwa na miaka kumi na mitatu. Anasema alisimama kando ya barabara na umati wa watoto kungoja magari, na akimaliza kusimulia husema ukweli wote: hakuona gari, aliona vumbi. Lakini tangu siku hiyo alitaka Peugeot. Nikimuuliza kuhusu JM anasema watu wazima nyumbani walikuwa wananong'ona, na redio ilizimwa mgeni alipoingia. Yote mawili yamo ndani yake, vumbi na minong'ono. Hajawahi kuona haja ya kuchagua moja.

Kuna rafiki yangu mmoja ambaye akisikia haya huniambia, "Wacha kujipiga, hiyo ni picha tu. Mtu anataka kitu kizuri ukutani." Na hoja yake si ya kudharau. Uzuri hauhitaji ruhusa ya historia kila asubuhi. Mstari wa 504, pale mfuniko wa buti unapoinama ghafla kuelekea nyuma, ni mzuri, na ungekuwa mzuri hata kama gari hilo lingetumiwa na shetani. Tena maskini naye ana haki ya kupenda kitu kwa kuwa kinapendeza. Baba hakuinunua Peugeot kwa sababu ya keria tu. Alisema mwenyewe, "ilikuwa na macho."

Lakini kupenda ni jambo moja, na kuuza ni lingine.

Baada ya Desemba nilijaribu njia ya pili. Nilichora gari kama nilivyolijua mimi: juu ya mawe, mlango wa kijani, kutu, kuku dirishani. Nilidhani sasa nimesema kweli. Picha hiyo iliuzika haraka kuliko ile ya kwanza. Mteja mmoja akaniuliza kama naweza kuongeza kutu kidogo kwenye boneti. Nikaongeza. Katika programu yangu kuna brashi ya kutu, unapitisha tu. Kuna brashi ya vumbi, kuna brashi ya nukta za gazeti la zamani, kuna hata namna ya kusogeza rangi nyekundu kidogo isikae sawa na ya buluu, ili ionekane mashine ya kuchapa ilikosea. Makosa ya fundi chapa fulani aliyekaripiwa na bosi wake mwaka wa 1965, mimi nayapata kwa kubonyeza.

Hapo nikaelewa kwamba kutu nayo inaweza kuwa rangi ya midomo. Gari linalong'aa linaficha aliyelisukuma. Gari lenye kutu linaweza kumgeuza aliyelisukuma kuwa pambo. Kwa hivyo tofauti haiko kati ya usafi na uchafu, wala kati ya ndoto na uhalisia. Nimeitafuta kwa miezi, na mahali nilipofika ni padogo tu.

Nimejiwekea sharti hili: nisiuze picha ambayo siwezi kumwonyesha mtu aliyekilipia kitu kile. Si aliyekinunua. Aliyekilipia. Wakati mwingine ni mtu mmoja, mara nyingi sivyo. Simtafuti aisifu. Namtafuta aweze kusema "hapana, haikuwa hivi," nami nibaki nimekaa hapo nikisikiliza. Baba aliposema yake, picha haikuharibika. Bado naiuza. Lakini nimeongeza mlango wa kijani, na nyuma, pale mlango mkubwa unapofunguka, kuna kijana ameshika kamba. Uso wake haukai vizuri, kuchora watu sijui sana, lakini yuko. Baadhi ya wateja huniomba nimwondoe. Nawaambia yeye ni sehemu ya gari.

Siku hizi mtu anaweza kuiambia mashine imchoree "Kenya ya zamani" ikamletea kwa sekunde chache, na gari lenye taa ambazo hazikutengenezwa na kampuni yoyote. Wengi huilaumu kwa makosa hayo ya taa. Mimi sioni kwamba hilo ndilo tatizo, taa zitarekebishwa. Tatizo ni kwamba hakuna nyumbani inakorudi Desemba. Hakuna mzee atakayeiuliza, "hii ni ya nani?"

Sasa nifike kwa kile ambacho nimekuwa nikikizunguka.

Mapema mwaka huu mwenye mkahawa mmoja aliniagiza picha sita za kutundika ukutani. Tano zilikuwa rahisi. Ya sita alitaka Land Rover ya miaka ya hamsini, hema, mti wa mgunga, kikombe cha chai juu ya boneti. "Classic safari," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mkenya kama mimi, na alinilipa nusu kabla sijaanza, jambo ambalo wateja hawalifanyi.

Nyanya yangu, mamake mama, alikuwa msichana mdogo Nyeri wakati wa hali ya hatari. Yeye si mtu wa kusimulia. Lakini tulipokuwa watoto, gari zito likipita barabara ya chini usiku, alikuwa anaacha kuongea hadi lipite. Mara moja tu nilimuuliza. Akasema, "Landi ilikuwa inajulikana kwa sauti kabla ya kuonekana. Ukiisikia unazima moto." Kisha akaniambia nikalete kuni.

Niliichora ile picha. Nilisema nitaichora kwa njia yangu, nitaweka kitu, nyumba mbali yenye moshi uliozimwa, kitu ambacho ni mimi tu ningekijua. Niliijaribu hiyo nyumba. Mteja akasema inachanganya, akaomba itolewe. Kodi ilikuwa imepita siku tisa. Nikaiweka kwenye tabaka lake, nikalizima tabaka, nikatuma. Katika faili langu bado ipo, haionekani tu. Kwenye ukuta wa mkahawa haipo kabisa.

Najua mtu anaweza kusema shilingi zile zilikuwa za halali, na zilikuwa. Najua pia kwamba mteja hakunilazimisha. Sharti langu nilikuwa nimeshaliweka, nililijua kwa moyo, na siku ambayo lilikuwa na gharama halisi nililikunja nikaliweka mfukoni. Nilipoacha chuo nilimsingizia karo. Hapa nisimsingizie mwenye nyumba.

Picha tano nimezionyesha nyumbani. Baba ameziona, dada ameziona, hata mafundi wa pale sokoni wamezicheka na kunirekebisha. Nyanya amepata simu mpya yenye skrini kubwa. Binamu zangu humtumia picha za vitukuu, naye huzitazama zote jioni akiwa amekaa jikoni karibu na moto. Kila mara akinipigia huniuliza ile kazi yangu ya kuchora magari inaendaje, na nimtumie moja aone.

Namwambia nitatuma. Picha ya sita sijamtumia bado.